Mjumbe wa Askofu

Padri hakuwahi kumaliza kubisha hodi. Mlango ulifunguka na beseni la maji machafu likasukumiwa mikononi mwake.

"Mwaga mtaroni, urudi upesi," alisema mwanamke mmoja mwembamba, mikono imemchubuka kwa sabuni. "Wewe si ndiye wa kuni?"

"Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni padri. Nimetumwa na Askofu."

"Hujambo nawe." Alimkagua kuanzia kola hadi viatu. "Basi mwaga kipadri, lakini mwaga."

Padri akamwaga.

Alikuwa amekuja kuifunga nyumba ile. Askofu alikwisha kuchoshwa na maneno ya watu: wanawake watatu wamepanga ghala bovu nyuma ya soko, wanajiita masista bila ruhusa ya yeyote, wanaokota wagonjwa vichochoroni na kuwalaza humo. Hawana kanuni, hawana mavazi ya kitawa. "Kawaone kwa macho yako," Askofu alimwambia. "Ukikuta ni maigizo, watawanye leo leo."

Ndani kulinuka siki. Mwanamke mnene alikoroga supu bila kuinua uso, na mwingine, kiguru, alikuwa akikamua vitambaa. Vitanda vilijipanga ukuta mzima, lakini vilivyokuwa na watu ni vitatu tu. Wagonjwa wote watatu walikuwa wanawake, midomo imewakauka kwa homa.

"Na hivi vitupu?" Padri aliuliza. "Wenyewe wamekufa?"

"Wafe wapi! Wamepona, wako kazini."

"Mkubwa wenu ni nani, sista?"

"Hapa kila mtu mkubwa wa ndoo yake. Mimi wananiita Mwiba. Shika kijiko, hawa hawajala. Anza na yule wa pembeni."

Padri alifungua kinywa kueleza kwamba yeye ni mkaguzi. Kijiko kikawa tayari kiko mkononi. Akakunja mikono ya kanzu, akaketi ukingoni mwa kitanda.

Mgonjwa alipoona kola alijaribu kuinuka, akitetemeka mwili mzima. "Padri, utusamehe... nyumba haijafagiliwa..."

"Lala wewe!" Mwiba alifoka kutoka upande wa pili. "Mkaidi huyu, sijaona. Ukimpa kisogo tu, unamkuta kashika ufagio."

Mgonjwa akajilaza, akafunua kinywa kama kinda la ndege. Padri alimlisha supu, nusu ikiishia shingoni. Hata maskini hawa, aliwaza, wanaona haya kuwaelemea wenzao. Moyo wake ukaanza kulainika, akaukemea.

Alipomaliza kuwalisha wote watatu alipewa sakafu. Alipomaliza sakafu alipewa vyungu vya choo, na hapo nusura akumbuke kwamba ana shughuli kwingine. Lakini kiguru alikwisha kubeba viwili, akichechemea na kupiga mluzi, naye Padri akaona aibu, akabeba cha tatu.

"Kazi hii mlifundishwa na nani?" alimuuliza huko uani.

"Tulifundishwa kwa kufanyiwa," kiguru alijibu.

Jibu la kitawa hilo, Padri aliwaza. Linaweza kuhubiriwa Jumapili.

Lilibaki jaribio moja. Aliporudi ndani alimwomba Mwiba aongoze sala. Mwiba akakohoa, akaanza Salamu Maria, akaangukia katikati ya Baba Yetu, akazunguka humo kama kuku aliyepotea njia ya banda, mpaka yule mgonjwa mkaidi alipomnong'onezea kutoka kitandani. Padri hakuhukumu. Uchovu ule! Nani angekumbuka sala baada ya kutwa nzima namna hii?

Jua lilipokuwa likishuka alisimama mlangoni, kanzu imelowa hadi magotini, akawaita wote watatu.

"Sitawaficha. Nilikuja kufunga nyumba hii. Nimekula chumvi ya Kanisa miaka mingi, lakini utumishi kama huu sijauona. Nitamwambia Askofu mwenyewe, na asiponisikia nitalala mlangoni kwake. Mtapewa ruhusa. Mtakuwa shirika, lenye kanuni na mavazi. Pigeni magoti, masista, niwabariki."

Hakuna aliyepiga goti. Mnene aligeukia sufuria, mabega yakimtikisika. Kiguru akajiziba mdomo kwa kitambaa kibichi.

"Sisi?" alisema Mwiba. "Padri, mimi mara ya mwisho kuingia kanisani nilikwenda kuiba mishumaa."

Alimshika mkono kwa upole, akamgeuza aelekee vitandani.

"Masista ndio hao uliokuwa ukiwalisha."