Pua ya Nyumba

Siku hizi kila nyumba yenye gari la amonia lazima iwe na mtu wa kunusa kama gesi inavuja. Kwetu mnusaji ni mama mkwe, Bi Zuwena. Gari lenyewe sina neno nalo: halitoi moshi, na kanzu za mume wangu naanika uani bila kuogopa masizi. Ninayemshuku ni Bi Zuwena. Juzi wali uliungua, mimi nikausikia toka barazani, yeye kakaa jikoni anavuta tasbihi.

Leo alasiri nikamwekea chetezo chenye makaa matupu.

"Udi wa leo umekolea, mwanangu," akasema.

Nikajua pua imekufa, na anatuficha asije akavuliwa cheo. Nikaapa kumwambia mume wangu kwamba kuanzia kesho nitanusa mimi.

Mara hodi. Alikuwa wifi yangu Mize, kaja kututembelea kutoka Pangani. Nikamfungulia, lakini hakuingia. Alirudi nyuma hatua kadhaa, kajiziba pua kwa upindo wa kanga.

"Wifi, watoto wamo humo ndani?"

Nikavuta pumzi ndefu. Sikusikia harufu yoyote.