Kibanio cha Nguo

Seremala alimkunjia mtaalamu wa mazoezi ya tiba mkono wake wa kulia, msuli ukatuna. "Ona! Tangu plasta itolewe nanyanyua ndoo ya mchanga kila asubuhi. Mbona msumari bado unaniponyoka?"

Mtaalamu, binti wa rika la mwanawe, akaubonyeza mkono. "Msuli umejaa kweli, baba. Lakini mkono ulipovunjika, neva inayoviamuru vidole iliumia. Ndoo haiifundishi kitu. Neva inataka zoezi jepesi, polepole, mara nyingi."

Akamwekea kiganjani kibanio cha nguo.

"Hiki? Mimi niliyekuwa nabeba milango peke yangu?"

"Kibonyeze tu, baba."

Kidole gumba kilitetemeka. Cha shahada kililala tu, kama cha mtu mwingine. Akakaza meno hadi jasho likamtoka puani, na kibanio hakikufunguka hata kidogo. Akakivurumisha ukutani.

Binti alikiacha kilipoangukia.

Seremala akakitazama pale sakafuni, akihema. Aliinama, akanyoosha mkono wa kushoto kukiokota. Ukaishia njiani. Akaurudisha mgongoni, akapeleka wa kulia.

"Nihesabie, mwanangu," alisema. "Na usinisaidie."