Gongo la Zamani

Mrisho aliingia uani anacheka, chupa ya soda baridi mkononi. "Baba, nimepona! Daktari kasema sukari imepanda kidogo tu, bado sijafika kwenye ugonjwa wenyewe. Kijana kama mimi, sukari ya wapi?"

Baba yake alikuwa kwenye kigoda, suruali imekunjwa pale mguu ulipoishia. Alikuwa akifunga matambara mapya kwenye gongo lake la zamani la kutembelea. Hakuinua uso.

"Hata mimi waliniambia bado sijafika."

"Ukafanyaje?"

"Nilifurahi kama wewe. Nikapitia dukani."

Mrisho akacheka kwa nguvu zaidi. "Mzee, usinitie nuksi. Na hilo gongo unalitengenezea nani? Si unalo jipya?"

"Inua mkono."

Mrisho akainua, akijua ni utani. Mzee akamchomekea gongo kwapani, akalitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Nilidhani nitalikata kidogo," alisema. "Kumbe linakutosha."

Mrisho alikuwa ameshatia kizibo menoni. Akabaki amesimama hivyo hivyo, gongo kwapani, soda ikimchuruzikia jasho mkononi.