Kipimo Kile Kile

Muuguzi alimimina methadoni, dawa ya kuwaachisha watu heroini, mpaka kwenye mstari wa kipimo bila kuuliza swali hata moja, na hiyo haikuwa kawaida yake.

Kwenye dirisha la dawa la zahanati ile, yeye ndiye aliyesifika kwa maswali. Umelala vipi? Umekunywa pombe? Umemeza vidonge vya usingizi? Mgonjwa akishakunywa dawa alimpa maji, kisha akamtaka ataje siku na tarehe kwa sauti, asije akawa ameificha mdomoni akaiuze nje. Wenzake walimtania kwamba hata mumewe huhojiwa kabla ya kupewa chai.

Lakini aliyesimama mbele yake asubuhi hiyo alikuwa Pipi.

Kwa miaka mingi Pipi aliuza heroini mtaani, mpaka naye ikamteka. Jina alilipata kwa sababu mteja mpya alipewa ya kwanza bure, kama mtoto anavyopewa peremende. Mdogo wake muuguzi, fundi redio, alikuwa mmoja wa wateja hao. Kijana yule aliwahi kuacha kabisa kwa miezi miwili. Akanenepa, akaanza tena kuimba kazini. Siku moja Pipi akapita kibandani pake akamwachia kipimo kile kile cha zamani, na mwili ulikuwa umeshasahau kukibeba. Walimkuta ameinamia meza, bisibisi ingali mkononi.

Ndiyo maana Pipi alipojiandikisha kwa matibabu, miezi minne iliyopita, muuguzi aliomba dirisha lile liwe lake kila siku. Daktari alimsifu kwa moyo wake. Hakujua ni moyo wa namna gani.

Aliingoja siku yake. Kuzidisha dawa hivi hivi kungemtia matatani, kwa kuwa kila tone liliandikwa. Alijua Pipi atateleza mwenyewe tu. Na sasa daftari lilionyesha kwamba hakuwa amefika kwa siku tano. Kanuni ilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: aliyekosa dawa zaidi ya siku tatu asipewe kipimo chake cha kawaida, aonwe na daktari, aanze upya na kidogo.

Muuguzi alichukua kalamu, akatia alama ya kuhudhuria kwenye visanduku vya siku zile tano, ionekane hakukosa.

Pipi aliegemea dirisha, mgonjwa kwa kukosa dawa. Jasho lilikuwa limemlowesha kola, na pua ilimchuruzika.

"Kile kile, sista," alisema.

Angeweza kumsukumia kikombe, mambo yakaisha. Lakini kisasi cha kimyakimya kisingemtosha. Alitaka auone uso ule ukishaelewa. Akaenda akafunga mlango wa nyuma, akarudi, akaweka kiganja juu ya kikombe.

"Unamkumbuka fundi redio, yule aliyekuwa anaimba?"

Pipi alijifuta pua kwa mkono wa shati.

"Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Kisha akamweleza taratibu, kwa sauti ile ile anayotumia na ndugu za wagonjwa. Siku tano zinatosha mwili kuisahau dawa. Akinywa kikombe hiki hataumia. Atasinzia, pumzi zitapungua moja moja, na kabla ya jioni zitakata. Kama zilivyomkatika fundi redio. Alipomaliza akangoja aombwe msamaha ili apate kuukataa.

Pipi hakurudi nyuma hata hatua moja. Alipitisha mkono dirishani.

"Nilikujua tangu siku ya kwanza," alisema. "Mmefanana mno. Nikasema moyoni, huyu wiki haiishi atakuwa amenimaliza. Miezi minne kila asubuhi nakunywa kikombe nikidhani ndicho cha kuniua, na kila asubuhi naamka. Mwenyewe siwezi, sista, mimi ni mwoga. Ndiyo maana nikajifungia ndani siku hizi tano, nikateseka ili nikurahisishie kazi."

Vidole vyake vikagusa ukingo wa kikombe.

Muuguzi alikivuta. Akaimwaga dawa yote kwenye chombo cha dawa zilizoharibika, akazikata zile alama tano daftarini moja baada ya nyingine, akafungua mlango kumwita daktari. Daktari alimpima Pipi, akaandika kipimo kidogo cha kuanzia, akaondoka. Muuguzi akakimimina kwa uangalifu, akakisukuma dirishani.

"Kunywa," alisema. "Kesho saa mbili uje tena, na keshokutwa. Utaishi, kaka. Nitahakikisha unaishi mpaka uzeeke."