Bendera ya Mama Tabu

Maji yalikuwa safi. Mwani wenye sumu ulikuwa umeondoka ziwani, na Nyamizi, mpimaji wa maji wa mji ule, alikunja karatasi ya majibu akaitia mfukoni. Bendera nyekundu ya kukataza watu kuogelea hakuishusha.

Masunga, mwenye hoteli ya ufukweni, akamfuata pale pale mlingotini.

“Mama Tabu, shusha hiyo bendera. Wageni wamejaa, na maji meupe kabisa. Nayaona kwa macho yangu.”

“Hata mwaka jana uliyaona.”

Mwaka jana, siku ya sikukuu, Masunga aliing’oa bendera hiyo kwa mikono yake, na Tabu, binti pekee wa Nyamizi, akaingia kuogelea na wenzake. Siku ya tisa walimzika.

“Kwa hiyo bado yana sumu?”

“Si unayaona? Chota unywe.”

Masunga akachuchumaa ukingoni, akapandisha mkono wa shati. Kiganja chake kikafika karibu kabisa na maji, kikasimama hapo.

Nyamizi akaibana karatasi mfukoni, akamtazama.

Kule kwenye baraza ya hoteli, wageni waliokuwa wakimtazama wakaanza kukunja mataulo yao.