Neno la Kumsifu Gualtiero

Tindo iliteleza ikamchana Nevio kidole. Hakusimama. Alinyonya damu, akatema, akaligonga tena bamba la marumaru kana kwamba anamgonga mwenye jina lililokuwa juu yake.

Jina lilikuwa la Gualtiero Bonfanti, mwenye machimbo. Majira ya baridi yaliyopita alikataa kubadilisha waya chakavu wa kukatia mawe. Waya ukakatika, ukamuua Ivo, mdogo wake Nevio. Mahakamani Gualtiero alisema Ivo alikuwa mzembe, na akaaminiwa.

Sasa alitaka bamba la Kiingereza langoni, wateja wake wa London walione.

"Nataka neno zito," aliagiza. "Kama lile *egregio* la Kiitaliano chetu, tunaloanzia barua za heshima. Na utachonga wewe. Au mama yako ameichoka nyumba yangu?"

Nevio akaenda kwa Ornella, mwalimu mstaafu aliyewafundisha Kiingereza yeye na Ivo.

"Lipo," alisema Ornella, kidole juu ya kamusi. "*Egregious*. Limetoka Kilatini, kama la kwetu: aliye nje ya kundi. Mtu asiye na mfano. Waingereza wa kale walisifiana kwalo."

"Linatumikaje?"

"Linatangulia jina: *egregious man*. Usikosee hata herufi."

"Mwalimu, hata wewe unamsifu muuaji?"

"Chonga, Nevio."

"Ivo alikuwa anakukatia kuni!"

"Nimesema chonga. Na uchonge kwa kina, mvua isije ikalifuta."

Nevio akatoka bila kuaga, akaubamiza mlango.

Siku ya uzinduzi Gualtiero alivaa tai nyekundu. Pazia likavutwa. Wachimbaji wakapiga makofi shingo upande. Wageni wa London hawakupiga. Mmoja alijiziba mdomo. Mwingine akatoa simu, akapiga picha harakaharaka. Gualtiero akawainamia, akidhani wamezidiwa na heshima.

Mkalimani wao, binti wa Kiingereza, akamsogelea Nevio, uso umemshuka.

"Fundi, samahani, nani kawaambia mwandike hivi? Siku hizi kwetu neno hilo ni la mtu mwovu, mwovu wa kutia kinyaa, asiyejificha hata kidogo."

Nevio akageuka. Nyuma ya umati, wengine wote wakiwa wameshanyamaza, Mwalimu Ornella alikuwa bado anapiga makofi.