Shina la Mgomba

Miaka tisa ilikuwa imepita tangu Makokha aingie kwenye pango la mlimani asitoke. Sasa ukoo ulikuwa ukizika shina la mgomba badala ya mwili wake.

Nasambu, mama yake, alilivisha shina shati la buluu la mwanawe. Kifungo cha mwisho kilimshinda.

"Kwa mila yetu, tukimzika, hata akirudi hataruhusiwa kuingia nyumbani kwangu!" akasema.

Khaemba, mchimba kaburi, alishuka shimoni akalipokea shina taratibu, kana kwamba lina shingo.

"Mama, alikuwa akilalia ubavu gani?"

"Wa kushoto."

Khaemba akaligeuza, akapanda juu.

"Tupa udongo, shemeji," mkubwa wa ukoo akamwambia Nasambu. "Mama ndiye wa kwanza."

Nasambu alichota udongo, akaufumbata mkononi, akatazama njia ya mlimani.